Mama Mwantumu Amefariki

Wifi yangu Mwantumu ndiye aliyenionyesha kwamba mwanamke wa Kizigua anaweza kuwa na mgahawa wake. Ndiye aliyenionyesha pia kwamba mgahawa unaweza kuliwa mzimamzima na wateja. Nasema kuliwa, maana sina neno jingine.

Alikuwa dada wa mume wangu. Miaka michache baada ya vita vya Hitla, mumewe alipomwacha, aliuza mbuzi wake wote kule Sindeni, akazungushwa kwa Bwana Shauri, yule Mzungu mkuu wa wilaya, mpaka miguu ikavimba, hatimaye akapata leseni. Akafungua mgahawa wa chai na maandazi karibu na kambi ya mkonge, Korogwe. Karai, birika, mabenchi na mlango wa mbao: mbuzi wote walikuwa humo. Mgahawa ukifa, hana pa kurudi ila kwenye jembe.

Chai yake ilisifiwa mpaka Hale. Tatizo ni kwamba wakata mkonge wa kambi ile wengi walikuwa Wanyamwezi, na Mnyamwezi kwa Mzigua ni mtani. Mtani akichukua chako, hukasiriki. Ponsiano, aliyewazidi wote kwa mdomo, aliingia kila asubuhi akipaza sauti, "Mtumwa wangu, lete chai!" Anakunywa, anajifutia mdomo kanga ya Mwantumu, huyo anakwenda, na wenzake nyuma yake. Ukiwadai wanacheka: "Tangu lini mtani akalipa?" Damu ilinichemka, lakini mila ni mila. Mwenye duka la unga tu ndiye asiyekuwa mtani wa mtu; yeye alitaka alipwe kila senti.

Basi mama mkwe wangu akaugua. Mwantumu akafunga mgahawa, tukaenda naye Sindeni, na mama akatufia mikononi. Mwantumu akamtuma utingo wa lori la Korogwe awaambie watu wa kambi kwamba mama yake amefariki, na yeye atabaki mpaka arobaini ipite. Utingo alifika akasema kwa mkato, "Mama Mwantumu amefariki." Na kambi nzima, kwa heshima ya ile chai, ilizoea kumwita wifi yangu Mama Mwantumu!

Siku tuliyorudi tuliukuta mgahawa hauna mlango. Ndani hamna benchi, hamna birika, hamna karai, hata mafiga yameng'olewa. Mwantumu alijishika kichwa. "Wifi," aliniambia, "nimekwisha." Mimi nikapiga kelele za mwizi. Jirani yetu Rosina akatoka, akamwona Mwantumu, akadondosha ndoo, akakimbilia ndani na kujifungia.

Tukasikia vicheko kambini, tukavifuata. Yarabi! Ponsiano amekaa kwenye benchi la Mwantumu, amejifunga kanga ya Mwantumu, anakaanga maandazi kwenye karai la Mwantumu, na sauti anaiga ya Mwantumu: "Lipeni jamani, mtanifilisi!" Na watu walikuwa wanalipa. Nilifikicha macho. Wanyamwezi walewale wamepanga foleni, kila mmoja na senti zake mkononi.

"Hodi," alisema Mwantumu.

Foleni ilitawanyika kama kuku. Ponsiano alitaka kukimbia, kanga ikamtega, akaanguka na kuanza kuita watakatifu wote anaowajua.

"Mtani, si umekufa wewe?"

"Amekufa mama yangu."

Ponsiano akaeleza. Mzigua akifa, watani wake huchukua vitu mpaka ndugu waje wavikomboe. Ndugu hawakuonekana, basi watani wakaamua kuvitumia kupikia maandazi ya kuuza, wapate fedha ya kumsomea marehemu hitima. Mwalimu Mbwana wa msikitini alikwisha kuambiwa. Ponsiano akamkabidhi Mwantumu kopo la fedha.

Mwantumu alilitikisa, likalia kwa uzito. Nilidhani atacheka. Hakucheka.

"Kumbe fedha mlikuwa nazo," alisema polepole. "Mlikuwa mnangoja nife?"

Ponsiano, bingwa wa maneno, alijifungua kanga akamrudishia. Swali lile halikuwa utani.

Vitu vilirudi siku hiyohiyo, na mlango waliupachika wenyewe. Kesho yake asubuhi Ponsiano akaingia kama desturi. "Mtumwa wangu, lete chai!"

Mwantumu alishika birika, asimimine.

"Mtani wenu alikufa, mlikwisha kumlilia," alisema. "Mimi ni mwingine. Lipa."