Pembe ya Msaragambo

Baba yangu alipenda kuonya watu. Wapo wanaume wanaopenda pombe na wapo wanaopenda kesi. Yeye alipenda kusimama mbele ya watu na kuwaambia wajihadhari. Serikali ya Waingereza ilipomfanya mchili, yaani jumbe wa kijiji chetu huku juu Upareni, haikumpa kazi mpya. Ilimpa kofia tu, kwa kazi aliyokuwa akiifanya tangu ujana wake.

Kila Jumapili baada ya ibada alitungoja nje ya kanisa na baraza likaanza hapo hapo. Alianza na wagonjwa: nani anakohoa, nani ameshuka kitandani, nani apelekewe uji. Kisha habari za usalama. Chui ameonekana njia ya kisimani, wanawake waende wawili wawili. Daraja la magogo limeoza upande wa chini. Mbwa wa nyumba fulani ana kichaa, afungwe au auawe. Alipotoka Same, bomani, alirudi na maonyo ya huko tambarare pia: ndui imeingia, tembo wamevamia mashamba ya Maore, treni imeua ng'ombe, kwa hiyo mtu asilale kwenye reli. Tulicheka hadi machozi. Kutoka kwetu hadi relini ni mwendo wa kutwa nzima. Nani angetembea kutwa nzima ili akalale pale?

Lakini walimpenda. Nasema hivyo kwa sababu waliokuja baadaye walisimuliwa kwamba alichukiwa tangu mwanzo, na huo ni uongo. Alibisha hodi kila nyumba. Aliyeunguliwa na nyumba alimkuta baba amefika na nguzo begani kabla majivu hayajapoa.

Sasa nieleze msaragambo, maana asiyejua msaragambo hataelewa kilichotupata. Sisi Wapare tuna mabwawa yetu ya zamani, tunayaita ndiva. Babu zetu walipanga mawe na udongo kwenye bega la mlima, maji ya kijito yakaingia humo usiku na asubuhi yakafunguliwa kwenda mashambani kwa zamu. Ndiva ikijaa tope, au mfereji ukibomoka, mzee alipuliza pembe ya tandala, na kila nyumba ikatoa mtu na jembe lake. Huo ndio msaragambo. Hakuna aliyelipwa na hakuna aliyeburutwa. Mkitoka pale mmechafuka, mnaimba, na aliyekosa kuja bila sababu aliona aibu kupita njiani. Pembe ile ilikuwa mali yetu. Haikuwahi kutudanganya.

Bwana Shauri, yule ofisa Mzungu wa boma la Same, alitaka barabara. Alitaka gari lipande hadi kwetu, akamwambia baba atoe watu. Matarishi wa boma walipokuja kuchukua watu nyumba kwa nyumba, waliwakuta wazee na kuku. Baba akaumia. Alikuwa kati ya bosi asiyekubali neno hapana na majirani asiotaka kuwaona wakifungwa kamba, na akapata wazo aliloliona la kiungwana: atapuliza pembe ya msaragambo. Watu watakuja wenyewe kwa heshima yao, hakuna atakayeguswa. Nakumbuka alivyomweleza mama jikoni, uso umemchangamka. Mama aliendelea kukoroga mboga.

Mara ya kwanza walikuja wote na majembe, wakidhani mfereji umebomoka. Wakakuta matarishi. Walishushwa barabarani wakapasue mawe, na mazao yao yakaliwa na ngedere. Mara ya pili walikuja wachache. Mara ya tatu pembe ilipolia, wanaume wote wenye nguvu walitoka mbio kuteremkia korongoni. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Korongo lile lilikuwa chini ya ndiva, lenye migomba mwitu na utelezi mwingi, na matarishi na viatu vyao hawakuthubutu kuteremka humo. Ikawa desturi mpya: pembe ikilia, wanaume korongoni, wanawake nyumbani na nyuso za kondoo. "Mumeo yuko wapi?" "Amekwenda Gonja kuona shangazi." Gonja ilijaa mashangazi miaka ile.

Baba alijua. Nisisitize hili. Alijua kabisa wanakojificha, na hakuwahi kumwonyesha tarishi hata mmoja njia ya kule. Ndiyo ilikuwa rehema yake kwetu, na alijivunia kimyakimya. Jumapili aliendelea kusimama nje ya kanisa na chui wake na madaraja yake, lakini sasa watu walimsikiliza huku wameinamisha vichwa, kila mmoja akijiuliza ni onyo au ni mtego.

Nilikuwa nimeolewa mwaka ule, ng'ambo ya korongo, nyumba ya pili kutoka ukingoni. Mume wangu alikuwa mtu wa masihara. Alimwita baba "mkwe wangu wa barabarani", na alipopita kwao alimwamkia kwa adabu zote kisha akarudi kunichekesha kwa kuigiza sauti yake: "Jihadharini na ndizi, zina maganda." Nilimpenda mno. Siku hizi naona vijana wanaona haya kusema neno hilo kuhusu mume, mimi nalisema. Nilimpenda, na nilikuwa bado sijachoka hata kidogo kumtazama akila.

Masika ile mvua ilikataa kukatika. Mashamba yaliyokuwa yameachwa kwa ajili ya barabara yalikuwa wazi, udongo ukateremka, na ndiva ikajaa tope kwa sababu hakuna aliyeisafisha tangu msaragambo ulipogeuka kuwa wa serikali. Baba alisema hivyo barazani Jumapili mbili mfululizo. Ukuta wa ndiva unatoa jasho, alisema, njooni tuuzibe. Nilikuwepo. Nilimwona akiomba, mikono imemlegea. Waliitikia ndiyo, na kila mtu akarudi kwake. Walidhani wakifika pale watawakuta matarishi.

Asubuhi moja tulikuwa tunakunywa uji, mume wangu na mama yake na mimi, mvua ikinyesha. Pembe ikalia. Ililia vibaya, ya haraka haraka, bila kupumzika. Baba alikuwa amepanda peke yake kutazama ndiva na akaona ukuta unafunguka. Alikuwa na pembe kifuani. Akapuliza.

Najua alichokuwa akisema kwa pembe ile: tokeni, kimbieni, pandeni juu. Lakini pembe haina maneno. Mume wangu aliweka kibuyu chini, akamtazama mama yake, akanitazama mimi.

"Leo mkwe ana njaa ya watu," alisema. "Nimekwenda Gonja, sawa?"

"Shangazi umsalimu," nikamwambia, tukacheka.

Akachukua panga lake akatoka. Kutoka mlangoni nilimwona yeye na wengine wakitoka nyumba za ukingoni, wameinama, wanakimbia kuteremka kwa njia zao za siri. Pembe ikazidi. Kadiri ilivyozidi ndivyo na wao walivyozidi kukimbia kuingia ndani zaidi. Sikuona ubaya wowote. Nilirudi ndani nikaosha vyombo.

Kishindo kilipotoka juu nilidhani ni radi. Kisha nyumba ikatetemeka, na mama mkwe akasema jina la mwanawe. Tulipofika ukingoni korongo halikuwepo. Palikuwa na maji mekundu yanayopita na migomba, mawe, na paa la nyumba ya mtu. Pembe ilikuwa imenyamaza. Ng'ambo, juu kabisa, baba alikuwa amesimama pembeni ya pengo la ndiva, mdogo, akiangalia chini kule kule nilikokuwa naangalia mimi.

Hakuna nyumba ya kijiji chetu iliyozama na watu wake. Wanawake, watoto, wazee, wote waliokaa nyumbani walipona. Waliokufa ni waliokwenda kujificha. Mume wangu walimkuta chini kabisa, njia ya Maore, na waliomleta hawakuniruhusu kumwosha. Nilikasirika na watu, na Mungu, na mvua, na uji uliobaki. Nilikuwa najiambia labda yuko Gonja kweli. Nilimngoja kama mjinga.

Baada ya mazishi Bwana Shauri alipanda kwa miguu, maana ile barabara ilikuwa imechukuliwa yote na maji. Baraza likaitwa. Nilikaa upande wa wanawake na mama mkwe, kitambaa cheusi kichwani. Bwana Shauri alizungumza Kiswahili, cha kukazana lakini kinaeleweka, na baba akawa anageuza kwa Kipare kwa ajili ya wazee na akina mama ambao Kiswahili kiliwapita. Mimi nilikijua kutoka shule ya kanisa. Kwa hiyo nilisikia kila neno mara mbili.

Bwana Shauri alisema serikali inasikitika. Baba akageuza. Alisema mchili wenu ni mtu hodari, aliwaonya Jumapili mbili, na siku yenyewe alipuliza pembe kwa wakati. Baba akageuza. Alisema waliokufa wamekufa kwa ukaidi, kwa sababu waliikimbia sauti ya kiongozi wao. Hapo nilimkazia baba macho. Nilimwomba kimoyomoyo airuke sentensi hiyo moja tu, nani angejua? Hakuiruka. Aliigeuza neno kwa neno, sauti yake ya kanisani ile ile, huku akitazama juu ya vichwa vyetu.

Kisha Bwana Shauri akauliza kama kuna mwenye neno.

Mama mkwe akasimama. Hakuwahi kusema barazani maisha yake yote. Aliongea kwa Kipare, taratibu, kwa heshima, kama mtu anayeuliza njia.

"Mchili, wewe ni mkwe wetu, binti yako yuko kwangu. Nataka Mzungu anijibu, au unijibu wewe. Ulipoweka pembe mdomoni ulijua watoto wetu wakiisikia wanakimbilia wapi. Ulijua. Sasa kwa nini ulipuliza?"

Bwana Shauri aliinama kidogo upande wake, akamwuliza mama huyu anasema nini.

"Anashukuru kwa kufika kwako, bwana," baba akasema.

Bwana Shauri akavua kofia, akamwinamishia mama mkwe kichwa kwa upole. Mama mkwe hakujua Kiswahili. Alibaki amesimama, akimtazama Mzungu usoni, akingoja jibu.