Nilienda Embu kuona bendi yangu ya rock, nikaipata imezungukwa na wakulima wa kahawa

Wakuu, habari za saa hizi. Mimi huwa nasoma tu humu, hata comment sijawahi kuweka. Lakini hii nimeiandika kwa diary mara tatu na bado inanikaba, kwa hivyo naileta kwenu vile ilitokea. Chumvi sijaongeza. Ilikuja na yake.

Niko Form Three. Kwetu ni juu ya Nkubu, Meru. Mimi ni msichana wa aibu, na simaanishi aibu ndogo. Darasani nikijua jibu huwa naliandika kwa daftari halafu nalifunika na mkono.

Kitu napenda ni rock. Usiniulize ilianzia wapi, maana nyumbani ni nyimbo za kanisa na redio ya Kimeru. Kuna bendi moja ya Nairobi, vijana wanne wa nguo nyeusi. Inaitwa Leaf Rust.

Wenye kahawa mshaanza kucheka.

Wengine niwaeleze: leaf rust ni ugonjwa wa kahawa. Jani linatoa madoa ya rangi ya machungwa upande wa chini, kama kutu, halafu linaanguka. Wazee wetu husema "rifu rasti", na wakiitaja wanashusha sauti kama ni mtu anasikiza dirishani.

Mwaka jana nilikuwa na term mbaya, sitaieleza hapa. Wimbo wao mmoja, Dawa Hakuna, ndio ulinishikilia. Nikaandika kwa diary kwamba siku nikimwona mwimbaji wao nitamwambia sentensi moja tu. Hiyo sentensi nimeifanyia rehearsal mbele ya ng'ombe.

Basi likizo ya August, poster ikatokea. LEAF RUST LIVE IN EMBU. Jumamosi saa tano asubuhi, free entry. Chini yake: BRING YOUR PAIN. Picha ilikuwa jani kubwa lenye madoa.

Simu sina, natumia ya mama. Kwa furaha nikaweka poster kwa status yake, nikisema nitaifuta baada ya dakika mbili. Mama akaniita nikakamue ng'ombe.

Nikarudi nikapata watu sitini washaiona. Na contacts za mama ni nani? Ni wanachama wa factory ya kahawa.

Jioni chairman wa factory alikuwa ameandika kwa group yao: "Wakulima wote. Kuna seminar ya leaf rust Embu, watu wenyewe LIVE. Wamesema tulete shida zetu."

Baba akaja jikoni ameshika simu kama barua ya kuitwa kazi.

"Mami," akasema. Ananiita hivyo kwa sababu nina jina la mama yake. "Mwishowe tumekumbukwa."

Hapo ndipo ningesema. Mdomo nilifungua kabisa.

Lakini mjue kitu. Ile kahawa ilipandwa na babu, na mwaka huu imebaki vijiti. Baba alikuwa ameshasema likizo ikiisha anaing'oa yote, na tangu aseme hivyo alikuwa haongei mezani. Sasa alikuwa anatabasamu na sufuria, na paka, na kila mtu.

Nikafunga mdomo.

"Utakuja na mimi," akaongeza. "Hao watu wataongea Kizungu kingi. Wewe utanitafsiria."

Wakuu, wiki nzima nilikuwa natafuta uongo wa kunipeleka Embu. Uongo ukaja wenyewe na lori.

Tulijaza lori ya factory. Baba alivaa koti la harusi. Kila mtu alikuwa na majani yake kwa mfuko wa unga. Pale ukumbini tukakuta wazee wengine wa Embu, kumbe ile message ilikuwa imevuka mto. Kulikuwa hata na mzee wa Mbeere aliyebeba muguka, yale majani ya kutafuna. Chairman akamwambia hiyo si kahawa.

"Leaf si ni leaf?" mzee akamjibu.

Mbele wakakaa wakulima, kofia magotini. Nyuma kulikuwa na vijana kama kumi wa mtaa wa Dallas hapo mjini, nguo nyeusi, wakitushangaa. Chairman akasema hatuwezi kuanza bila maombi. Mama mmoja akasimama akaikemea kutu katika kila jani la nchi hii. Vijana wa nyuma wakaitikia amen kwa nguvu, walidhani ni sehemu ya show.

Bendi ikaingia. Mwimbaji, anaitwa Spora, nywele hadi kiunoni, shati limeraruka begani.

Baba akaninong'onezea, "Huyu ametoka shamba moja kwa moja. Huyo ni ofisa wa kweli."

"Embu!" Spora akapiga kelele. "Mmekuja na maumivu?"

"Tumekuja nayo!" wazee wakajibu, wakiinua mifuko.

Nafikiri Spora hajawahi kupokewa hivyo. Alifurahi sana. Akapiga gitaa, na wimbo wa kwanza, wakuu, ulikuwa ule wangu.

"Dawa hakunaaa! Dawa hakunaaa!"

Niwe mkweli. Nilikuwa nataka sakafu inimeze, na bado zile sekunde arobaini zilikuwa tamu kuliko kitu chochote nimewahi kusikia.

Mama wa maombi akashika kichwa. Mzee mmoja akavua miwani akaanza kuipanguza. Yule wa Mbeere akasimama na fimbo.

"Simamisha! Simamisha hiyo kitu! Kama dawa hakuna, mmetuita tufanye nini?"

Drums zikanyamaza.

"Mzee," Spora akasema polepole, "huu ni wimbo. Ni hisia."

"Hisia nitapuliza na pump gani?"

Chairman akainuka na mikono juu. "Tulieni, watu wangu. Tuingie kwa maswali. Factory yetu ianze."

Baba akasimama, akaniinua na mimi. Mtu wa mitambo akanipa mic. Baba akasema, "Muulize kwa Kizungu: dawa ya copper tupige kabla ya mvua au baada?"

Spora alikuwa hatua tatu kutoka kwangu, akiniangalia mimi. Ile sentensi ya ng'ombe ilitoroka yote. Nikamwangalia Baba na koti lake, na mfuko wake ameukunja vizuri mdomo ili majani yasivunjike.

Nikasema kwa mic, "Baba, hawa si maofisa. Hii ni bendi. Ni mimi niliweka poster. Nisamehe."

Speaker zilikuwa kubwa sana, wakuu. Naamini walinisikia hadi sokoni.

Kijana mmoja wa nyuma akauliza: "Kwani hawa walikuwa hawajui?"

Baba hakunitazama. Alisema chini chini, "Nimejua tangu huo wimbo uanze. Mimi ni mkulima, si mjinga. Lakini tumeshafika, mami. Uliza swali."

Nikauliza. Kwa Kizungu, bila kufunika na mkono.

Spora akageukia mpiga bass. Huyu jamaa hajawahi kucheka hata kwa picha. Akaweka gitaa chini taratibu.

"Mama alikataa muziki hadi nimalize diploma ya kilimo," akasema. "Hata jina la bendi lilitoka kwa notes zangu. Leteni majani."

Walipanga laini hadi mlangoni. Aliangalia jani moja moja na tochi ya simu. Alipofika kwa Baba akapindua jani, akakwaruza ile kutu na ukucha.

"Kabla ya mvua, mzee. Pogoa kwanza hewa ipite. Na ukipuliza, lenga chini ya jani, huko ndiko inajificha. Using'oe. Mti bado uko hai."

Muguka ya yule mzee wa Mbeere akaiangalia, akamrudishia. "Hii haina ugonjwa. Wewe ulikuja kutembea."

Spora akauliza kama sasa wanaweza kumaliza wimbo. Chairman akampa ruhusa.

"Dawa hakunaaa!"

"Iko!" ukumbi mzima ukajibu, wamesimama, mifuko juu.

"Dawa hakunaaa!"

"Iko!"

Baba alikuwa akiruka na koti la harusi. Na mimi kando yake, nikipiga kelele hadi sauti ikanikauka.

Tukitoka Spora aliniambia asante kwa kuleta watu. Nikamjibu, "Pole." Hiyo ndiyo sentensi yangu, wakuu. Miezi yote ile.

Funzo nililopata: sisi watu wa aibu tunadhani kunyamaza ni kukaa salama. Nyamaza uone watu wakipanda lori.

Kahawa haijang'olewa. Baba ameshapogoa, na jana nimemsikia huko shambani na pump mgongoni, peke yake: "Iko!"

Mwenye amewahi kuona bendi yake akiwa na mzazi kando, aniambie hapa alikuwa anaangalia wapi. Na Baba yuko nyuma ya bega langu anasoma. Anasema niwaulize kama copper inachanganywa na foliar, ile mbolea ya kupuliza kwa majani.