Biskwi ya Dorika

Harufu ya majarini ikianza kuyeyuka pamoja na sukari, watu wengi wanatabasamu. Mimi meno yanakazana kwanza. Halafu ndiyo ninacheka, maana mimi ni mutu wa kucheka, muulize mutu yeyote wa kwartie yetu hapa Bunia. Juzi nilifunua sufuria yangu ya kuokea, mvuke mutamu ukanipiga usoni, na mbele ya kuangalia kama biskwi zimeiva nikajikuta mukono mumoja umeshika mufuniko, mwengine umekunja ngumi. Nilikuwa peke yangu jikoni. Ngumi ya kumupiga nani sasa? Kaeni kidogo niwaelezee, maana ninyi hamutanikata maneno kama watu wa kwetu.

Tantini Jozefina, dada mudogo wa Papa, ndiye alinifundisha biskwi. Kazi yake ilikuwa kushona nguo. Biskwi zilikuwa raha yake tu, hakuuzisha hata moja. Jumamosi alifunika mashini yake na kitambaa kama mutu anayefunika mutoto aliyelala, akakuja kwetu na beseni kichwani, na Mama alianza kumuchokoza toka mulangoni.

"Weye Jozefina, sukari ya chai haitutoshi, unaenda kuipakaa juu ya unga kama poda ya uso! Nani atakuoa na mambo hayo?"

"Mwenye kupenda vitamu, wifi. Bale wa chumvi nimewaachia weye."

Hatukuwa na furu, ile tanuri ya kuokea. Tantini alichukua sufuria kubwa ya kupikia siku za fete, za sherehe, akamwaga mchanga ndani, akaiweka juu ya mbabula, jiko letu la makala, mpaka mchanga ukapata moto wa kutosha. Biskwi alizipanga kwenye sahani ya bati, akaishusha juu ya mchanga, akafunika, kisha akaweka makala mekundu juu ya mufuniko pia. Moto chini, moto juu. Umbo alizikata na vibati alivyovikunja mwenyewe kutoka mikebe ya samaki: nyota, samaki, ndege, kikombe cha misa. Ndege wake alikuwa munene kama bata, lakini hakuna aliyethubutu kumwambia.

Kazi tamu ilikuwa kupamba. Sukari tuliitwanga kinuni mpaka ikawa vumbi, tukaichuja na kipande cha veli ya zamani ya bibi-arusi, tukaichanganya na ute mweupe wa yai uliopigwa mpaka unasimama wenyewe kama mutu mwenye kiburi. Rangi ya pinki ilitoka kwenye betirave, ule muzizi mwekundu, ya kijani kwenye majani ya lengalenga, ya njano kwenye manjano ya mboga. Yote alitia ndani ya saketi tupu ya maziwa, mufuko mudogo wa nailoni, akatoboa kona na sindano, akaanza kuandika. Alikuwa na kanuni yake: "Mukono ukiwa na haraka, jina linalia." Na kweli, ukiharakisha sukari inashuka, herufi zinatiririka kama machozi. Mimi nilikuwa nikimwaga machozi mengi sana kwenye biskwi siku zile.

Basi mwaka huo kaka yangu Opio alikuwa anapata komunyo ya kwanza, na Tantini akaamua kwamba kila mutoto wa parselle, ndani ya ua wetu, atakuwa na biskwi yenye jina lake. Kila mutoto. Alisema hivyo, na mimi nilimusikia.

Kwetu kulikuwa na Dorika. Mama yake alizoea kuleta maharagi na mbatata kutoka upande wa Bule, Mama yangu akawa mununuzi wake, wakazoeana. Vijiji vya kule vilipochomwa, mama yule alifika Bunia na watoto mugongoni na mikononi, bila hata gunia moja. Yeye na wadogo wakaenda kukaa kwenye kambi ya deplase, watu waliokimbia vita, chini ya bashi, yale maturubai. Dorika, mukubwa wao, akaachwa kwetu asaidie kazi, na asome kama Mungu akipenda. Mungu alipenda, ninafikiri. Ni Papa alisema tungoje mwaka mupya wa masomo.

Alikuwa na umri wangu, kama miaka kumi. Lakini ndani ya nyumba yetu hakuna mutu mukubwa aliyemuita Dorika. Walisema: "Kadeplase, leta maji." "Muite kale ka Bule kakuje kuosha masahani." Hawakusema kwa ubaya, na hiyo ndiyo inanichoma mpaka leo: walisema vile mutu anasema kiti, ndoo, mulango.

Jumamosi ile Tantini alikuwa ameshaandika majina yote, la Opio juu ya kikombe, langu juu ya nyota. Akageuka.

"Na weye, jina yako nani?"

Dorika aliangalia nyuma yake kwanza, aone nani anaulizwa.

"Weye, mama. Minaongea na weye."

"Dorika."

"Dorika, chagua. Unataka gani?"

Alichagua yule ndege-bata. Na rangi ya pinki. Tantini hakuandika peke yake. Alimukamata mukono, wakaandika pamoja polepole, herufi kwa herufi, ulimi wa Dorika umetoka nje kidogo pembeni ya mudomo. Ilipokwisha, nyuso zao zote mbili zilikuwa na unga. Dorika akavuta kigoda, akakaa mbele ya ile biskwi na tawi la majani mukononi.

"Haitakauka haraka juu unaiangalia," Tantini akamwambia.

"Minafukuza nzi."

Alifukuza nzi hata pale nzi hawakuwapo. Kila mara nilipopita aliniita: "Akello, kuja uone, D imekauka. Akello, O nayo." Sijapata kumuona mutu akichunga kitu vile.

Ikafika Jumapili. Mumejua fete za kwetu: bashi imefungwa juu ya uwanja, viti vya kukodi, mizike ya kupasua masikio, na meza ya heshima mbele, na kitambaa cheupe na maua ya plastiki. Na protokole. Fete bila protokole si fete, ni watu wanakula tu. Protokole wetu alikuwa Baba mudogo Anselme. Siku zote ni mutu wa kawaida, anaomba chumvi kwa jirani kama siye wote, lakini ukimubandika utepe kwenye kifua anakuwa gavana. Yeye ndiye anaamua nani akae wapi, nani ale nini, nani ale mwisho. Watoto tunakula mwisho, nyuma ya jiko, juu ya mukeka. Na nani wa kwanza? Bakubwa wa meza ya heshima. Siku ile mukubwa zaidi alikuwa shefu wa Papa kazini, mwenye kosti na tai, na shingo pana.

Biskwi zetu zilikuwa nyuma ya jiko, ndani ya sinia, zimefunikwa na chandarua. Anselme akapita kuangalia sosi, akafunua.

"Eh! Vitu vya namna hii vinafichwa huku? Na meza ya heshima inakula beinye, maandazi ya kila siku?"

Nikamwambia, "Baba mudogo, hizo ni zetu. Ziko na majina yetu."

"Jina njo nini? Mukubwa akikula jina, haitamuumiza tumbo."

Akacheka mwenyewe, akanyanyua sinia yote. Nikakimbia kwa Tantini. "Tantini, anabeba!" Tantini alikuwa na sufuria ya wali mikononi. Aliangalia sinia likienda, kisha akaendelea kupeleka wali wake mezani.

Nikafuata sinia. Dorika pia alifuata, lakini kwa mbali, akajisimamisha karibu na nguzo ya bashi, anashika sahani ya beinye aliyotumwa kugawa. Shefu akapitisha kidole kinene juu ya biskwi zote kama mutu anayenunua nyanya, akaacha nyota, akaacha kikombe, akamunyanyua ndege. Akamuleta karibu na macho, akasoma kwa sauti, maana mizike ilikuwa imesimama kidogo:

"Do-ri-ka. Dorika njo nani?"

Watu wakaangaliana. Mama alikuwa pale. Anselme alikuwa pale. Papa akacheka kile kicheko chake cha mbele ya wakubwa, akasema:

"Haiko mutu, Mukubwa. Ni mapambo tu. Kula."

Na shefu akamuuma ndege kichwa.

Sijui kama nitaweza kuwaeleza kitu kilichonipanda. Kilitoka miguuni. Mimi, mutoto wa kucheka, mutoto anayelia kuku akichinjwa, nilisikia masikio yanapata moto kama ule mufuniko wenye makala. Papa yangu mwenyewe! Dorika alimupelekea maji ya kuoga asubuhi ile ile. Amesimama pale, hatua chache, na nguo yangu ya zamani mwilini, na sahani mikononi, na huyu anasema haiko mutu!

"Iko mutu!" nikapiga kelele. "Njo huyu! Njo huyu Dorika! Muitapike! Mutapike jina yake!"

Nyanya mumoja akaita Yesu. Shefu aliacha kutafuna, mabaki ya pinki kwenye midomo, na ninaapa kwenu, hata leo nikikumbuka ile pinki ninataka kupiga mutu. Papa alinikamata sikio, akanipitisha katikati ya wageni, akaniamuru nipige magoti juu ya kokoto nyuma ya jiko mpaka fete iishe. Anselme akatangaza kwamba mutoto alipigwa na jua. Mizike ikarudi.

Mama alikuja kuniinamia. "Akello mwanangu, hasira hasara." Nilikuwa mudogo. Leo ningemujibu: Mama, hasara ndiyo ilitangulia. Hasira ilikuja nyuma kuitafuta.

Baadaye Dorika alikuja na beinye yake, akaikata katikati, akanipa upande mukubwa.

"Kula, magoti haitauma sana."

"Juu ya nini weye haukusema kitu?"

"Niseme nini?"

"Ilikuwa yako! Jina yako!"

Akapandisha bega. "Nilishaiona."

Nilimukasirikia. Muamini au musiamini, hasira yangu kubwa ya siku ile ilimuangukia yeye. Mimi magoti yananitoka damu kwa ajili yako, na weye unatafuna beinye, unasema umeshaiona! Nikamwambia yeye ni mujinga, moyo wake ni wa mbao. Alisikiliza yote, akapangusa kokoto kwenye magoti yangu, akaenda kuosha masahani, maana masahani yalikuwa yanamungoja.

Kesho yake Tantini alikuja, na haikuwa siku ya biskwi, ilikuwa Jumatatu, nguo za watu zinamungoja. Hakuomba musamaha. Aliwasha mbabula, akatia mchanga, akakanda unga kidogo uliobaki, akakata ndege mumoja tu. Ilipotoka na kupoa kidogo, alimupa Dorika saketi ya sukari mukononi, akaondoka pembeni.

Dorika akaandika peke yake. D ilikuwa kubwa kupita kichwa cha ndege, A ikakosa nafasi ikapanda juu ya bawa. Mimi nilikuwa nimeshatayarisha chandarua. Nilikuwa na mupango: tutaificha chini ya kitanda changu, itakauka vizuri, nitamuonyesha Opio, nitamuonyesha Papa, nitaiweka mbele ya Papa kabisa mezani aisome!

Dorika akachukua biskwi, akageukia ukuta, akaikula.

Sukari bado mbichi. Alikula haraka, mabega yamefunga pande zote, pinki inamutiririka kwenye vidole. Nilipiga kelele: "Haujaiangalia hata! Haijakauka!" Nilitaka kumuvuta mukono. Tantini akanikamata kwa nyuma ya nguo. "Acha," alisema, kwa sauti ndogo. "Acha akule." Na yeye mwenyewe akageuka, akajifanya anaosha beseni ambalo lilikuwa limeshaoshwa.

Miezi michache baadaye mama ya Dorika alikuja kumuchukua, maana alikuwa amepata mahali pa kukaa upande wa Iga Barrière. Tangu hapo sijamuona.

Sasa mimi ndiye ninafanya biskwi, na ninaandika majina ya watoto wa watu. Kila mara kuna mutoto mumoja anayekula jina lake mbele ya kukauka, anageukia ukuta, na mama yake anamugombeza kwamba hana adabu. Ni hao ndio walinifungua macho, polepole, mimi ambaye shule yangu haikufika mbali. Dorika hakuwa na moyo wa mbao. Alishajua kitu ambacho mimi sikukijua: nyumba inachomwa, shamba linachukuliwa, ndege wa sukari ananyanyuliwa na mutu wa shingo pana. Kitu kilichobaki nje ya tumbo si chako bado.

Na lingine, hili liliniuma zaidi. Nilijiona shujaa kwa kelele zangu. Lakini nilipiga kelele kwa sababu nilijua, hata nikipigishwa magoti mpaka jioni, jioni nitalala kwenye kitanda changu. Ilikuwa kelele ya mutoto mwenye nyumba. Yeye kila neno alilipima na mukeka wake wa kulalia: nikisema hili, nitalala wapi? Hasira alikuwa nayo, tena kunishinda. Hakuwa na mahali pa kuiweka, basi aliimeza.

Papa amezeeka sasa, na ninamupenda, na ninamupelekea biskwi za samaki kila Jumapili. Aliniuliza mwezi uliopita kwa nini yake siiandikagi jina. Nikamwambia: "Papa, ni mapambo tu. Kula."

Alicheka. Hakukumbuka. Nilimuangalia akitafuna mpaka akamaliza, na nikaenda jikoni, nikageukia ukuta, nikaushika.