Beseni la Yaya Ngalula

Mjukuu wangu amenunua viatu vya kutembelea. Kila Jumapili yeye na wenzake huzunguka kwa miguu lile ziwa la nje ya Lubumbashi, kwa raha tu, na kila mara ananiambia, "Kambo, twende, njia iko muzuri." Siendi. Ananicheka, na wewe utacheka, lakini mimi nilikuwepo, na ilikuwa mchana kweupe, saa nane. Kama huamini, shauri yako.

Ilikuwa wakati Katanga imejitenga. Sisi watu wa Kasai tulikuwa tunatafutwa, na wazazi wetu walikwishakimbilia kambi ya wakimbizi pembezoni mwa mji. Mimi na dada yangu mkubwa, yaya Ngalula, tulirudi nyumbani, mtaa uitwao Kenya pale pale mjini, kuchukua blanketi. Barabarani kulikuwa na vizuizi vya askari, na tukifungua mdomo tu, wangetujua kwa lafudhi. Tukapita vijia vya ziwani. Kiangazi kilikuwa kimekomaa: nyasi zimeungua, vumbi jekundu hadi magotini, maji yamerudi mbali na kuacha tope kavu lililopasuka. Kivuli kilikuwa cha vichuguu tu. Mama alitusubiri langoni mwa kambi, na hakuwa na watoto wengine.

Tukirudi na blanketi, nyuma ya kichuguu kimoja kikubwa tukamkuta mama mmoja tusiyemjua amesimama. Beseni lilikuwa chini, limejaa maji hadi ukingoni. Ngata ilikuwa tayari kichwani mwake.

"Bana bangu, munitwike," akatuita kama wanawe.

Sasa niambie, mwanamke akikuomba umtwike mzigo, unapita? Kwetu hupiti. Hata adui yako unamtwika kwanza, kisha mnaendelea na ugomvi wenu. Lakini mimi niliogopa kuchelewa, niliogopa watu, niliogopa kila kitu.

"Yaya, tupite," nikanong'ona.

"Weye! Mama alitufundisha vile? Tuache muntu na muzigo chini?"

Akaweka blanketi chini, akainama, akaliinua beseni peke yake. Mimi nilisimama nikitazama. Yule mama akalipokea kichwani, akatabasamu. "Aksanti, mwana yangu. Nilingojea sana." Akazunguka kichuguu. Nilipochungulia upande wa pili, hapakuwa na mtu.

Nikageuka. Mikono ya yaya ilikuwa bado juu.

"Shusha mikono," nikamwambia.

"Siwezi. Iko nzito. Ndugu yangu, unitue!"

Nimtue nini? Juu ya kichwa chake hapakuwa na kitu. Nilipapasa, nikashika hewa, na hewa ile ilikuwa baridi. Kisha nikaona maji yanamtiririka usoni, matone makubwa, yanatoka kusikojulikana. Akaanza kutembea taratibu, shingo wima, kama anayeogopa kumwaga. Nilimvuta kuelekea kambini, miguu yake ikakataa kuacha kijia. Nilimkumbatia kiunoni, akaniburuta. Tulizunguka ziwa mara moja, tukarudi kwenye kichuguu kile kile, na hapo ndipo nilipotazama chini. Nyayo zangu zilikuwepo, na za yaya. Za yule mama hazikuwepo, wala kwenye tope bichi la ukingo wa maji, alikopaswa kuteka. Nililia kama mtoto, na sioni haya kusema.

Katika mzunguko wa pili tulikutana na mchoma makala, yaani mkaa, akisukuma baiskeli yake. Akamtazama yaya, akasimama mbali.

"Alimutwika nani?"

"Mama mumoja. Baba, tusaidie!"

"Apana, mi siwezi, na weye auwezi. Mwenye kutwika njo mwenye kubeba. Ataponaka siku ile ye naye ataomba muntu, na ule muntu amutwike." Kisha akashusha magunia yake, tukampakia yaya kwenye baiskeli kwa nguvu zetu zote. Hakuthubutu kumgusa juu ya mabega.

Mama alipotuona langoni alikimbia na mikono iliyonyooshwa, apokee mzigo. Alipapasa hewa, akapapasa, akapapasa.

Yaya aliishi miaka ishirini na kitu baada ya hapo. Mikono ilishuka siku ya tatu, shingo haikulegea kamwe. Alilala ameketi, ameegemea ukuta. Nywele za utosini zilisagika zikaacha duara, na hakuwahi tena kubeba ndoo. Pale kambini wanawake walitwikana maji mbele yake asubuhi na jioni. Angemwomba yeyote, angepona, na mzigo ungemwangukia huyo. Lakini nakuambia, yaya hakumwomba mtu hata amwinulie sufuria kutoka jikoni. Aliponiona nakuja, alificha vyombo.

Na mimi? Niseme ukweli, kwa kuwa nimeanza. Niliishi naye nyumba moja, na kila aliposhika beseni nilitoka nje. Alijua. Mwisho wake aliniita, akanishika mkono, akasema, "Usiogope, sitakuomba." Wanaume sita walibeba jeneza la mwanamke mwembamba vile, wakalitua mara nne njiani.

Basi tembeeni, vijana, zungukeni ziwa lenu. Lakini mwanamke akikuomba umtwike, angalia kwanza nyayo zake. Kama hana, pita, na akuite huna adabu. Mimi sikumtwika mtu, na nimezeeka. Mwenye adabu alikuwa yaya.