Greda Langu la Udongo

Kwetu, kijiji cha jirani na Segese, mtoto alianza kufuga kabla hajaota meno. Naongeza chumvi, lakini kidogo tu. Mvua zikinyesha tulichota udongo mweusi wa mbugani tukafinyanga ng'ombe, na jioni baba, mfugaji hasa, akitoka malishoni aliwakagua kana kwamba yuko mnadani. Alipapasa nundu, akasifu pembe. Aliyemridhisha aliingia kwenye zizi letu la vijiti. Aliyemchukiza alifinywa palepale akarudi kuwa tope.

Msimu mmoja likaja greda kuchonga barabara yetu kwa kisu chake kipana cha chuma. Nililifuata kutwa nzima, mama akadhani nimeolewa huko. Nilitaka kazi ile na si nyingine: kukaa kule juu, barabara ininyookee mbele. Basi wenzangu walipofinyanga mafahali, mimi nikafinyanga greda.

"Ng'ombe gani huyu ana kisu kifuani?" kaka yangu mkubwa alicheka. "Leo anarudi tope!"

Baba akachuchumaa. Moyo ulinidunda hadi Kahama nadhani walisikia.

"Huyu anakula nini?"

"Dizeli, baba."

"Anazaa?"

"Hazai."

"Maziwa?"

"Hana."

Kaka akanyoosha mkono kulifinya. Baba akamzuia. "Ngoja, wewe! Ng'wanone, mwanangu, sasa anatusaidia nini?"

"Anatengeneza njia. Ng'ombe wako wapite vizuri wakienda mnadani."

Baba alilipapasa taratibu, toka kisu hadi matairi. Ningeweza kuota mvi. "Mnyama huyu simjui," alisema mwishowe, "na nisiyemjua simfinyi. Kesho twende kwa mwenye naye."

Asubuhi tulishika njia, greda langu kwenye ungo, baba na kibuyu cha maziwa ya mgando. Dereva alipotuona alizima mtambo akashuka.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mifugo imeamkaje?"

Dereva akaligeukia greda lake, akaelewa. "Salama, mzee. Ila huyu tangu jana anachechemea mguu wa nyuma."

"Pole. Binti yangu naye kafuga wa kwake. Mkague. Akiwa mbovu sema, tumrudishe tope."

Nimesoma shule ya jioni ukubwani, nikitoka kazini na vumbi mpaka kwenye kope, na mitihani nimefanya ya kutisha simba. Hakuna ulionitoa jasho kama ule. Dereva aliinama juu ya ungo, akauzungusha huku na huku.

"Kisu umekiweka mbele mno. Kisogeze katikati ya matairi. Mengine sawa. Huyu anaishi."

Kisha akaninyanyua, akaniketisha kwenye kiti chake. Niliiona dunia yote mpaka Nkome na ziwa lake, na anayebisha abishe.

Baba alibaki chini, ameshika ungo kwa mikono miwili, ananitazama.

"Shika vizuri," aliniambia. "Mnyama mkubwa huyo."