Godoro la Lusajo

Mwenyekiti wa mtaa alitangaza kwa kipaza sauti kwamba ni marufuku kuanika godoro la kikojozi barabarani, wageni kutoka Zambia wanatuona, na kwamba mtoto aliyelelewa vizuri hakojoi kitandani.

Kikojozi mtaani alikuwa mmoja tu, Lusajo wa Gwantwa, miaka mitano. Gwantwa aliliweka moyoni. Akawa anamwamsha mwanawe akojoe, bila kumfokea, huku akimsubiri mama mzazi wa mwenyekiti ashuke kutoka kijijini Ileje. Alipofika, akamwuliza nje ya kanisa, kina mama wote wakisikia:

“Bibi, mwenyekiti wetu aliacha lini kukojoa kitandani?”

“Huyu? Alipopata kipaimara, mwanangu. Tena akarudia kidogo.”

Lusajo ameshaacha. Godoro bado huanikwa barabarani kila Jumamosi, kavu, na mwenyekiti akipita husalimia kwanza.