Hedifoni za Sare

Kama umewahi kushonewa nguo na Everlyne Lochoro hapa Isiolo, unajua kwamba hakadirii kwa macho. Anakusimamisha, anakuzungusha, anapima bega moja halafu la pili, kwa sababu, husema, hajaona bado mtu mwenye mabega mawili sawa. Shule za Kulamawe na Kinna humwagizia sare. Okestra ya kanisa letu imevaa kazi ya mikono yake miaka kumi na saba, na karibu miaka hiyo yote yeye ndiye aliyekalia kiti cha fidla ya kwanza.

Fidla alifundishwa na mwalimu mmoja wa shule ya misheni, naye akawa anawashonea watoto wa mwalimu huyo nguo. Mimi hupiga fidla ya pili. Nilikaa karibu naye, tukisoma noti kwenye karatasi moja. Binti yangu Wendy alijifunza kwake tangu akiwa darasa la tano, na Everlyne hakuwahi kuniomba hata majani ya chai.

Mwaka jana kanisa liliamua turekodiwe video ya Pasaka. Tulihitaji kusikia mapigo ya kuhesabia masikioni ili tusipishane na kwaya. Mzee Kabiru, mwenyekiti wa kamati, akaenda Nairobi na kurudi na hedifoni kumi na nne kubwa, nyeusi, zenye mstari wa dhahabu uliofanana na mikanda ya sare yetu. Mwalimu Njogu anayetuongoza alijaribu moja akasema ni sawa. Mwalimu Njogu hupiga tarumbeta. Hakuna kitu kinachoegemea shingoni mwake.

Fidla hubanwa kwa taya la kushoto. Ukiinamisha kichwa, hedifoni kubwa inagonga ubao, unasikia mkwaruzo badala ya wimbo. Sisi wengine tulivumilia, lakini sikio la kushoto la Everlyne lina matundu matano ukingoni. Nyanyake alimtoboa akiwa mdogo, kama wasichana wengi wa Kiturkana wa wakati ule, na tundu moja liliota nyama ngumu. Baada ya mazoezi ya kwanza ya saa tatu niliona damu kwenye kola yake.

Hakulalamika. Alichukua fidla yake akaenda kwa kibanda cha vifaa vya simu pale sokoni, akajaribu zile ndogo za kuingiza sikioni, moja baada ya nyingine, akipiga fidla na kutafuna hewa ili aone kama zinachomoka taya likisonga. Alichagua yenye sponji laini, ya saizi ndogo, avae sikio la kulia tu, la kushoto libaki wazi asikie fidla yake na sisi wenzake. Kisha akaileta kwenye mkutano.

"Mimi sikatai sare, mzee," alimwambia Kabiru. "Lakini hii kubwa inanifinya kwa sikio, na inagonga fidla. Hii ndogo inafanya kazi ile ile."

"Dada Everlyne, ukikubaliwa uvae yako, kesho kila mtu anakuja na yake," Kabiru alijibu. "Kwa kamera itaonekana aje? Au kuna mwingine anaumia?"

Alituangalia mmoja mmoja. Mimi pia sikio langu lilikuwa linawaka moto. Lakini nilijua kwamba anayemfuata Everlyne katika safu ya fidla ya kwanza ni Wendy, na kwamba kiti kikiachwa wazi, safu husogea mbele. Nikatazama viatu vyangu. Everlyne alinigeukia, akangoja kidogo, halafu akarudisha kile kidude mfukoni.

Siku ya kurekodi, katikati ya wimbo wa pili, hedifoni iliteleza ikaanguka juu ya nyuzi. Alikosa vipimo viwili vya wimbo. Mwalimu Njogu alisimamisha kila mtu, na Kabiru, kwa sauti ya upole ambayo bado inanichukiza, akamwomba akapumzike kidogo. Wendy akasogezwa mbele kwenye kiti cha Everlyne. Ukiitazama video hiyo utamwona mwanangu pale, ameng'aa, na mimi kando yake nimetabasamu. Siwezi kuitazama hadi mwisho.

Everlyne alipumzika kabisa. Hakurudi, na hakuna aliyekwenda kumwita. Miezi mitatu baadaye watu wa tarumbeta walilalamika kwamba hedifoni zinawachoma kwa joto, na Kabiru akanunua zile ndogo za sponji, saizi tatu, akasimama mbele yetu na kutueleza faida za kuacha sikio moja wazi. Tulimpigia makofi. Mimi pia nilipiga.

Kabla ya Krismasi kamati ilitaka sare mpya, na fundi ni yule yule. Everlyne alikuja na tepu yake na daftari. Alitupima wote kumi na wanne, pamoja na aliyeletwa kujaza pengo. Aliponifikia alipima bega moja, halafu la pili.

"Mama Wendy, hili la kushoto limeshuka kidogo," alisema, akaandika.

Nilitaka kumwambia neno. Alikuwa ameshamwita mwingine.

Rinda lilikuja wiki iliyofuata. Halikunibana popote.